Mkono wa Chini

Kuna mahali kwenye hadithi fupi ya Alice Walker, "Everyday Use", ambapo nilipita mbio kila nilipoisoma. Dee, binti aliyesoma, anataka mablanketi mawili ya viraka ya nyanya yake. Mama anamwambia achukue mengine. Dee anakataa, kwa sababu hayo mengine yamepigwa cherehani ukingoni na yeye anataka ya mkono. Nilisoma, nikafungua ukurasa. Nimerudi pale baada ya miezi minne ya kujidunga sindano vidoleni, na hadithi imekuwa nyingine.

Tuikumbuke kwanza. Ilitoka 1973. Mama mmoja Kusini mwa Marekani anaishi na Maggie, binti mdogo mwenye makovu ya moto ulioteketeza nyumba yao ya zamani. Dee, dadake mkubwa, anakuja kuwatembelea akiwa na mwanamume na kamera. Baada ya picha na chakula anafungua sanduku na kutoa kwilti mbili. Ndivyo Wamarekani wanavyoyaita mablanketi haya: kitambaa juu, kitambaa chini, pamba katikati, na mishono inayopenya yote. Ndani yake mna vipande vya magauni ya nyanya, na kimoja kidogo cha sare aliyovaa babu wa kale vitani. Dee anataka kuzitundika. Lakini mama alishamwahidi Maggie, aende nazo akiolewa. Dee anapandwa na hasira: Maggie atazitumia kila siku, zitachakaa!

Chuoni tulisoma hivi: kwilti ni urithi, Dee ameharibiwa na mji, Maggie ni mwema. Sawa. Lakini usomaji huo hauhitaji mtu aguse sindano, na ndipo unapokosa kitu.

Nilianza na vipande vya vitenge nilivyopewa na jirani yangu, mama mwenye cherehani mbili chini ya ngazi za ploti yetu. Hajawahi kushona kwilti, lakini kupiga pindo kwa mkono anajua. Nilimwonyesha safu yangu ya kwanza, akacheka.

"Haya ni meno ya mamba, kijana."

"Sasa mama, nifanye nini mishono iwe midogo?"

"Wacha mambo ya udogo. Kwanza ifanane. Udogo utakuja wenyewe."

Ilianza kufanana nilipoelewa kwamba kazi kubwa haiko kwenye mkono unaoonekana. Mkono wa juu unasukuma sindano. Wa chini, uliofichwa na kitambaa, ndio unaopima. Kidole kinangoja ncha itokeze kidogo tu, kikiihisi kinairudisha juu. Juu, chini, juu, chini, mpaka sindano ibebe mishono mitatu minne, ndipo uvute uzi. Kidole kikichelewa, mshono wa nyuma unakuwa mrefu. Kikiogopa, sindano haifiki chini, na ukigeuza kitambaa unakuta hakuna mshono kabisa. Fundo nalo unalivuta taratibu hadi lizame kwenye pamba, asilione mtu. Wazoefu hufikisha mishono 8 hadi 10 kwa inchi moja, wakihesabu ya juu tu. Mimi nilianza na 4. Leo niko 6, tena siku nikiamka vizuri.

Sasa rudi kwa Dee. Tusimsingizie, kushona anajua: hadithi inatuambia aliwahi kugeuza suti kuukuu ikawa suti yake mpya ya kijani. Ila hakukaa na wazee kwenye fremu ya kwilti. Kwake mkono wa nyanya umeshamaliza kazi, kwa hivyo kilichobaki kitundikwe. Mama anamjibu kwa neno ambalo darasani tulilipita: zikichakaa, Maggie atashona nyingine, kwa sababu anajua. Alifundishwa na nyanya na shangazi wenyewe. Ndiyo maana Maggie anaweza kuziachilia. Anasema atamkumbuka nyanya hata bila kwilti. Mama yake anausikia huo kama unyonge wa mtu aliyezoea kushindwa, na mimi nilimwamini. Siku hizi namsikia Maggie tofauti. Kidole chake cha chini kinakumbuka, na hicho Dee hawezi kukipakia garini.

Halafu kuna jina. Dee anafika akisema yeye si Dee tena, ni Wangero Leewanika Kemanjo. Anasalimia kwa Kiganda, salamu ya asubuhi. Walker alifika Afrika Mashariki akiwa mwanafunzi miaka ya 1960, kwa hivyo haya hakuyaokota hewani. Msomaji wa Marekani atasikia "Afrika" na kuendelea. Msomaji wa Nairobi anasimama. Wangero ni nani? Wanjiru namjua, Wangari namjua, Wangeci tulisoma naye. Hili ni jina lenye meno ya mamba.

Kichekesho chenyewe kiko mbele kidogo. Mama anamweleza kwamba Dee ni jina la shangazi yake, na kabla ya shangazi lilikuwa la nyanya, na kabla ya nyanya la mama yake nyanya. Kwa Wakikuyu, msichana wa kwanza huitwa nyanya mzaa baba, wa pili nyanya mzaa mama. Yaani Dee tayari alikuwa na jina la kurithiwa, kwa mtindo ambao shosho yeyote wa Murang'a angeuelewa bila mkalimani. Akalitupa ili apate jina la Kikuyu lisilo la shosho yeyote.

Lakini na Walker pia nina neno naye. Hadithi nzima inautetea mkono wa Maggie, na hatuuoni ukishona hata mara moja. Tunauona umefichwa kwenye mikunjo ya sketi. Dee anaongea weee, Maggie anapewa sentensi chache. Sisemi kila hadithi iwe somo la ushonaji. Nasema ningemwona Maggie akizamisha fundo moja tu, basi mama anapompokonya Dee zile kwilti ningejua ni nini kinachookolewa. Kwa sasa nategemea neno la mama.

Dee naye apewe haki yake. Mwaka 2002 kwilti za wanawake wa Gee's Bend, jamii ya Wamarekani weusi huko Alabama, zilitundikwa kwenye makumbusho ya sanaa ya Houston, kisha Whitney, New York. Mwaka 2006 zikawekwa kwenye stempu za posta. Vitu vilivyowafunika watu baridi vikatazamwa kama michoro, na majina ya walioshona yakajulikana. Kwa hivyo ukuta wenyewe sina ugomvi nao. Naogopa tu kwamba kwenye ukuta wa Dee jina pekee lingekuwa la Dee.

Nyumbani kwetu kuna vitambaa vya viti, vya kroshe, alivyofuma mamangu. Mwaka jana nilipiga picha kimoja, nikakiweka Instagram, nikaandika maneno matamu kuhusu urithi. Watu walipenda sana. Hakuna aliyeniuliza kama najua kufuma. Sijui. Mamangu yuko hai, yuko umbali wa matatu moja, na sijawahi kumwomba anifundishe. Nilimcheka Wangero kumbe tofauti yetu ni kwamba jina langu limeandikwa sawa.

Jumapili naenda. Nimemwambia atafute sindano ya pili.