Jua la kobe ndani ya fleti

Kobe anayefugwa ndani ya nyumba anaweza kufa akiwa ameshiba. Gamba linalainika mpaka ukiligusa kwa kidole gumba linabonyea, miguu inashindwa kubeba mwili, na mwenye kobe anaapa kwamba hakuna siku aliyolala bila kumlisha. Anasema kweli. Kasoro ilikuwa kwenye taa iliyoning'inia juu ya tangi, ikiwaka vizuri kabisa, lakini bila kutoa mionzi ambayo mnyama huyo aliihitaji.

Namzungumzia kobe wa maji mwenye baka jekundu nyuma ya jicho, ambaye wanasayansi humwita Trachemys scripta elegans. Kwao ni bonde la mto Mississippi, kusini mwa Marekani. Huuzwa akiwa mdogo, na udogo huo ndio unaowaponza wanunuzi: jike akikomaa gamba lake hufika sentimita 25 hadi 30, dume huishia kwenye 20 hivi, na akitunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 30 au zaidi. Tangu 1975 sheria ya Marekani inakataza kuuza kobe ambaye gamba lake halijafika inchi 4, yaani sentimita 10, kwa sababu watoto walikuwa wakiwachezea, hata kuwatia mdomoni, na kuugua kwa bakteria wa salmonela. Umoja wa Ulaya ulizuia kumwingiza mwaka 1997, na mwaka 2016 ukamtia kwenye orodha ya viumbe vamizi, maana waliomchoka walikuwa wakimtupa kwenye mabwawa na mito. Anayemchukua leo ajue anajenga makazi ya miongo kadhaa.

Makazi ninayotaka kuyachambua yako Columbus, jimbo la Ohio, ghorofa ya pili, kwenye fleti ya kijana mmoja ambaye ni fundi umeme. Kobe ni dume mwenye gamba la sentimita 18, aliyeachwa na jirani aliyehama. Kanuni ya wafugaji ni galoni 10 za maji, karibu lita 38, kwa kila inchi ya gamba. Inchi 7 zinadai galoni 70. Kijana akanunua tangi la 75, ambalo ni lita 284. Likijaa maji, pamoja na kioo chake, linakaribia kilo 385. Uzito huo wote unakalia eneo la sentimita 122 kwa 46, ilhali sakafu za nyumba za kuishi Marekani kwa kawaida hupigiwa hesabu ya kubeba kiasi cha kilo 195 kwa mita ya mraba. Basi kabla ya kununua chochote alitafuta mihimili ya sakafu imelala upande gani, akapanga tangi likae kwa kuikata mihimili hiyo, kando ya ukuta unaobeba jengo. Uzito ukagawanyika kwenye mihimili kadhaa. Napenda mtu anayeanza na sakafu. Wengi huanza na rangi ya mawe.

Uamuzi uliozaa mengine yote ulikuwa mahali pa kuotea jua. Kobe huyu sharti atoke majini kila siku, ajikaushe na kujipasha joto. Watu wengi humwekea gogo au kibao kinachoelea ndani ya tangi, kisha wanalazimika kupunguza maji ili asikwee na kuruka nje, na hapo lita walizozilipia zinapungua karibu nusu. Kijana huyu alijenga sanduku la plaiwudi juu ya tangi lenyewe, likikalia kingo za kioo, lenye mteremko unaoshuka hadi majini. Maji yanajaa hadi karibu na ukingo. Sakafu ya sanduku ni ile plastiki nyeupe ya vijumba-vijumba inayowekwa chini ya taa za dari maofisini: maji yanadondoka kupitia matundu, hewa inapita chini ya tumbo, na kobe anakauka juu na chini. Gamba lisilokauka ndilo linaloota ukungu na kuoza taratibu, kwa hiyo kipande hicho cha plastiki ya bei rahisi kinafanya kazi ambayo dawa ya duka haiwezi kuifanya. Mteremko nao ameuvika wavu wa plastiki ili kucha zipate pa kushika.

Sasa twende kwenye taa, maana hapa ndipo makazi mengi yanapofeli. Mwili wa kobe hujitengenezea vitamini D3 kwenye ngozi. Mionzi ya UVB, ile iliyo kati ya nanomita 290 na 315, inaigonga ngozi na kutengeneza kitangulizi cha vitamini. Kisha joto la mwili ndilo linalokigeuza kitangulizi hicho kuwa D3 yenyewe. Bila D3 utumbo haunyonyi kalsiamu ipasavyo, hata umlishe kalsiamu kiasi gani, na mwili unaanza kuichota kutoka kwenye mifupa na gamba. Kwa hiyo mionzi na joto lazima vimfikie kobe pamoja. Nimeona matangi yenye taa ya joto upande huu na taa ya UVB upande ule: kobe anafuata joto, mionzi inaangukia ubao mtupu.

Fundi wetu ameziweka mbili kwa pamoja. Taa ya halojeni ya wati 75 inashusha joto mahali pamoja, na kipimajoto kilicholazwa pale anapolala kobe kinasoma kati ya nyuzi 32 na 35. Kando yake, sambamba, kuna mrija wa UVB aina ya T5 wa wati 24, sentimita 30 juu ya mgongo wa kobe. Kati ya mrija na kobe hakuna kitu. Kioo cha dirisha huzuia karibu UVB yote, na ndiyo maana kobe aliyewekwa dirishani anapata mwanga tu. Hata wavu mwembamba wa kufunikia tangi hula sehemu kubwa ya mionzi. Umbali nao ni kipimo cha dawa. Sogeza mrija juu na nguvu inashuka haraka. Ushushe mno na macho ya kobe yanaumia. Jukwaa lililo nje ya maji linampa fundi umbali usiobadilika, wakati kibao kinachoelea hupanda na kushuka na kina cha maji.

Kwenye kichwa cha mrija ameandika tarehe kwa kalamu ya wino mzito. Uwezo wa kutoa UVB huisha zamani kabla mwanga unaoonekana haujafifia, na jicho la mtu halina namna ya kutambua. Mirija mingi hubadilishwa ndani ya mwaka mmoja. Mwenye uwezo anunue kipima UV. Asiye nao, tarehe ile imlinde. Taa zote mbili zinawashwa na kuzimwa na taima, saa 12 kwa siku, na usiku ni giza kamili.

Maji yana hesabu yake. Kobe anakula majini na kunya majini, na kinyesi chake kinamzidi samaki yeyote wa ukubwa wake, hivyo filta ambayo mfugaji anaiweka ni ya tangi la mara mbili hadi tatu ya lile alilo nalo. Ya Columbus ni ya mkebe, imekaa kabatini chini ya tangi. Sponji ndani yake inadaka takataka. Nyuma ya sponji kuna vipande vya kauri ambavyo bakteria wanaishi juu yake, kundi moja likigeuza amonia kuwa nitriti, jingine likigeuza nitriti kuwa nitrati. Makundi hayo huchukua wiki kadhaa kujijenga. Nitrati inaondoka kwa kubadilisha maji, robo au zaidi kila wiki. Kosa linaloua bakteria hao kuliko yote ni usafi: mtu anaosha kauri kwenye bomba, klorini inawamaliza, na siku chache baadaye maji yananuka kuliko mwanzo. Sponji inakamuliwa kwenye maji yaleyale yaliyotolewa kwenye tangi, basi. Maji mapya yanatiwa dawa ya kuondoa klorini, kwani miji kadhaa ya Marekani hutumia kloramini, na hiyo haitoki kwa kuacha ndoo wazi usiku kucha.

Hita inashikilia maji kwenye nyuzi 24 hadi 26, nayo imevikwa kizimba cha plastiki kwa sababu kobe huigonga na kioo chake hupasuka. Wengine huongeza joto la maji wakidhani wanamfanyia hisani. Maji yakiwa na joto karibu sawa na jukwaa, kobe haoni sababu ya kutoka, na mnyororo wote wa gamba kavu, mionzi na kalsiamu unakatika hapo. Soketi zina swichi inayokata umeme ukivuja, na kila waya umeachwa ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone linalotiririka lidondoke sakafuni. Hilo ni tabia ya kazi yake, na ningetaka kila mfugaji aige.

Kwa hofu ya salmonela, vyombo vya tangi havioshwi kwenye sinki la jikoni. Kuna beseni lake bafuni, na mtoto wa dada yake, ambaye hajafika miaka mitano, anamtazama kobe bila kumshika. Chakula ni vidonge kidogo na majani mengi, kwani kobe mzima hula mimea zaidi kuliko mdogo, na mfupa mweupe wa ngisi unaelea majini kwa ajili ya kuguguna.

Ninazo lawama mbili. Plaiwudi, licha ya vanishi aliyoipaka, imeanza kufura kwenye kingo zinazopata mvuke, na halojeni ndani ya sanduku la mbao inanitia wasiwasi hata kama soketi yake ni ya kauri na ina wavu wa chuma. Bodi ya PVC kwa ajili ya kuta, na nafasi zaidi kuizunguka taa, vingetatua yote mawili. La pili ni kwamba sanduku halina mahali pa udongo. Kwa dume si neno. Jike hutaga hata bila dume, na akikosa udongo wenye unyevu wa kina cha sentimita 20 au zaidi huweza kuyazuia mayai tumboni mpaka yakamuua. Kobe huyu angekuwa jike, ningemwambia fundi alivunje sanduku lote na kulijenga upya, refu mara mbili.