Kila Mzigo na Chumba Chake

Wakala wa forodha humjui kwa tai wala kwa kadi ya kazi. Mjue anapotoka mzigo mmoja kwenda mwingine. Yupo mzee hapa Busia ambaye vijana humwita Mwalimu ingawa hajawahi kushika chaki. Kompyuta yake kuukuu, skrini finyu, herufi za kibodi zimefutika. Lakini hajawahi kuonekana akihangaika kutafuta dirisha.

Dereva akimkabidhi bahasha ya stakabadhi, mzee hubonyeza Windows, Ctrl na D kwa pamoja. Eneokazi jipya linafunguka, halina kitu. Analipa jina kwanza, namba ya lori, ndipo afungue mfumo wa forodha wa Kenya, ule wa Uganda, ankara, na barua pepe za mwenye mali. Madirisha manne, mzigo mmoja. Akija dereva wa pili, D tena. Kuhama ni Windows, Ctrl na mshale: saruji inateleza kushoto, vigae vinaingia kulia. Ametenga kazi zake kama mama wa sokoni anavyotenga fungu la omena na fungu la mbuta. "Mwanangu," humwambia karani wake, "mali ya mtu haichanganywi na ya mwenzake."

Ninachokipenda zaidi ni namna anavyofunga. Eneokazi likifungwa, madirisha yaliyomo hayafi; yanahamia eneokazi la jirani. Wengi hawalijui hilo, na ankara ya jana huwavamia katikati ya kazi ya leo. Mzee hufunga dirisha mojamoja, tena baada ya kuhakikisha lori limeruhusiwa kuvuka. Ndipo hubonyeza Windows, Ctrl na F4, na chumba kinaondoka kitupu. Hakuna anayemlipa kwa adabu hiyo.

Wazo lenyewe si la juzi. Mwaka 1986 Austin Henderson na Stuart Card, watafiti wa Xerox, walieleza mfumo wao uitwao Rooms: kwa kuwa skrini ni ndogo na kazi ni nyingi, kila kazi ipewe chumba chake. Watumiaji wa Linux waliufaidi utaratibu huo miaka mingi kabla Windows 10 haijauleta kwa umma mwaka 2015.

Kazi ya mpakani nayo ilirahisishwa: mwaka 2018 marais Kenyatta na Museveni walifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpaka hapa Busia, maofisa wa nchi mbili wakawa wanahudumia mizigo mahali pamoja. Lori likaanza kusimama mara moja badala ya mbili. Waliorahisishiwa kazi ndio wakalegea. Tazama skrini za vijana leo, Busia hata Malaba: madirisha yamerundikana, mpira wa Ulaya juu, ushuru wa mtu chini. Namba ya kontena la huyu inaandikwa kwenye hati ya yule, na dereva asiye na kosa analala kwenye kabini ya lori akingoja marekebisho.

Ukiwauliza, watakwambia hawana muda. Vitufe wanavyo, tena kwenye mashine mpya kuliko ya mzee, na kuvijua ni kazi ya asubuhi moja. Walichokosa ni ile haya ya kuchanganya mali za watu, na sijaona chuo kinachoifundisha.