Mzinga Uliolishwa na Koo la Mtu Mmoja

Waanakisti, watu wasiotaka serikali wala bwana, walikuwa na kitendawili ambacho hotuba za jukwaani hazikukitegua: mtoto wa miaka sita akiamka asubuhi, nani amwambie la kufanya? Sébastien Faure, mmoja wao, aliyewahi kuandaliwa kwa upadri na Wajesuti, shirika la Kikatoliki, kabla ya kuipa dini kisogo, alijaribu kujibu kwa shamba lenye shule. Mwaka 1904 alikodi hekta 25 hivi karibu na Rambouillet, Ufaransa, akapaita La Ruche, yaani mzinga wa nyuki.

Watoto walikuwa 40 hivi, wasichana kwa wavulana wakisoma pamoja, jambo lililozua minong'ono zama zile. Adhabu hazikuwepo, tuzo hazikuwepo, wala hakuna aliyejua nani wa kwanza na nani wa mkia. Walipofika miaka 12 au 13, siku iligawanywa: nusu ya madaftari, nusu ya karakana. Kijana alipitia kazi mbalimbali, useremala, uhunzi, ushonaji, ujalidi wa vitabu, shamba, ndipo akachagua fani. Naona ufundi wenyewe ulikuwa hapo: hakuulizwa anapenda nini kabla hajashika randa.

Walimu na mafundi hawakuwa na mshahara. Kila mmoja alichota kwenye kasha la pamoja kwa kadiri ya haja yake, na mambo ya nyumba yaliamuliwa kikaoni.

Sasa tufunue daftari la hesabu. Maziwa, asali na mboga viliuzwa, na baadhi ya wazazi walichangia walichoweza. Lakini fungu kubwa lilitoka kooni mwa Faure. Alizunguka nchi akihutubia, na mapato ya mihadhara ndiyo yaliyopika chakula cha jioni. Hapo ndipo ninapokuna kichwa: mahali palipomkataa bwana palimngoja mtu mmoja apande treni, na sauti isimkauke. Hakuwaamrisha, hilo namkubalia, ila mlezi anayeshika mfuko hahitaji kuamrisha.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipolipuka mwaka 1914, Faure alivipinga hadharani. Mihadhara ikakwama, na vyakula na makaa ya mawe vikawa adimu. Randa zilikuwepo, lakini mfuko ulikauka. Mapema mwaka 1917 La Ruche ikafungwa.