Uponyaji wa Nani? Majonzi na Malezi ya Kambo katika Riwaya ya The Language of Flowers

Sehemu hii inahakiki riwaya ya Vanessa Diffenbaugh, The Language of Flowers (2011), kwa kuongozwa na swali moja: mapenzi na malezi yanapoponya majonzi katika riwaya, anayeponywa ni nani, na gharama ya uponyaji huo hulipwa na nani? Swali hili linatokana na desturi iliyozoeleka katika riwaya safi za mapenzi, yaani zile zinazosimulia penzi bila kuonesha mambo ya faragha, kama zile za mkondo wa Love Inspired wa Harlequin ulioanza mwaka 1997. Katika nyingi za riwaya za aina hiyo, mjane au mgane huufunga moyo wake baada ya msiba. Kisha huja mtoto asiye na makao, moyo hufunguka, na hatimaye ndoa hufungwa. Mtoto huyo hufanya kazi ya dawa. Ni nadra msomaji kuelezwa maumivu ya mtoto mwenyewe.

Yafaa istilahi ziwekwe wazi. Malezi ya kambo yanachukuliwa hapa kuwa mpango wa kisheria wa kumweka mtoto kwa muda katika familia isiyo yake, chini ya uangalizi wa afisa ustawi wa jamii. Kuasili ni tofauti, kwa kuwa mahakama humfanya mtoto kuwa wa familia hiyo daima. Kiswahili cha kila siku hutumia kitenzi kulea kwa hali zote mbili, na methali isemayo kuzaa si kazi, kazi ni kulea haiulizi mtoto atakaa kwa muda gani. Katika riwaya hii, suala la muda ndilo kiini cha mgogoro.

Msimulizi ni Victoria Jones, aliyeachwa na mama mzazi akiwa mchanga na kuhamishwa nyumba baada ya nyumba. Anapotimiza miaka 18, malezi ya serikali yanakoma. Analala katika bustani ya umma jijini San Francisco hadi anapoajiriwa na Renata, muuza maua. Hali hii si chuku ya kisanaa. Jimbo la California lilipitisha sheria ya kuongeza muda wa malezi hadi miaka 21 mwaka 2010, na utekelezaji wake ukaanza mwaka 2012, yaani baada ya riwaya kuchapishwa.

Pamela Regis (2003) anakitaja kizuizi kuwa mojawapo ya vipengele vinane vya lazima vya riwaya ya mapenzi. Kizuizi kati ya Victoria na Grant, mkulima wa maua, hakiko nje yao. Kinatokana na imani ya Victoria kwamba yeye humharibia kila ampendaye. Kwa kutumia mbinu rejeshi, mwandishi anapokezanisha masimulizi ya sasa na yale ya Victoria akiwa na umri wa miaka tisa kwa Elizabeth, mwenye shamba la mizabibu aliyemfundisha lugha ya maua. Kwa njia hiyo msomaji anatambua kwamba penzi la kwanza lililopotea lilikuwa la mama mlezi.

Hapa ndipo riwaya inapoihoji desturi ya utanzu wake. Elizabeth naye ana jeraha: ametengana na dada yake, Catherine, na anatamani kuirejesha familia iliyovunjika. Siku ya kumwasili Victoria inapofika, majonzi ya Elizabeth yanamshinda, na miadi ya mahakamani inapita. Kosa hilo halitokani na ukatili; linatokana na huzuni ya kweli ya mtu mwema. Hata hivyo, anayeadhibiwa ni mtoto. Moto ambao Victoria anauwasha baadaye shambani ni jibu la mtu aliyegundua kwamba nafasi yake inategemea afya ya moyo wa mwingine. Tendo hilo halihalalishwi na matini, lakini linaeleweka.

Hoja pinzani inaweza kutolewa: kwamba Victoria anapona kwa kumzaa Hazel, hivyo damu inaushinda ulezi. Matini hayaungi mkono usomaji huo. Kuzaa kunamtia hofu, na anamwacha mtoto kwa Grant ndani ya kikapu alichokitandika mimea midogo ya kijani inayoota juu ya mawe bila mizizi, ambayo katika lugha ya maua humaanisha upendo wa mama. Ishara hiyo inabeba dhamira nzima: upendo unaweza kuota pasipo mizizi ya ukoo. Aidha, Victoria hamtafuti mama mzazi. Anamrudia Elizabeth, na kurudi kwake ni kwa hatua ndogondogo, zenye mashaka.

Pamoja na ubora huo, riwaya ina udhaifu wa msuko. Grant ni mtoto wa Catherine, hivyo ni mpwa wa Elizabeth. Sadfa hiyo inaunganisha penzi, ulezi na ukoo katika nyumba moja, na kuponya kwa mkupuo kile ambacho mfumo uliharibu kwa miaka. Grant mwenyewe amefiwa na mama, lakini majonzi yake hayapewi nafasi ya kutosha; anasubiri na kusamehe kwa wepesi kuliko inavyoaminika. Vijana wengine wanaotolewa katika malezi wakiwa na miaka 18 hawana sadfa ya namna hiyo, na mwisho wa riwaya haurudi kuwatazama.

Kwa muhtasari, sehemu hii inapendekeza kigezo cha kuhakiki riwaya za uponyaji na ulezi. Haitoshi kuuliza iwapo mtu mzima amepona. Iulizwe pia iwapo mtoto angebaki salama endapo mtu huyo asingepona. The Language of Flowers inastahili nafasi yake katika utafiti huu kwa sababu inalijibu swali hilo kwa uaminifu katikati ya msuko, ingawa mwisho wake unalikwepa.