Machungu ya Siti binti Saad Katika Nyimbo Zake

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo 1880, katika ukoo wa watumwa, akaitwa Mtumwa. Alifinyanga vyungu na kuvitembeza mitaani akiimba. Aliolewa akingali kijana, akazaa binti, akaachika. Mwaka 1911 alihamia mjini, Ali Muhsin akamfunza uimbaji, na mwaka 1928 akasafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri. Kwa kuwa nyimbo zake nyingi ni za mapenzi, ni rahisi kudhani kwamba kila kilio kilichomo ni cha yule mke aliyeachika. Dhana hiyo ina udhaifu mkubwa.

Udhaifu wenyewe unaanzia kwa mtunzi. Siti aliimba na kundi, wakiwamo Subeit Ambar, Buda Swedi na Mbaruk Talsam, na tungo zilipikwa pamoja kwenye mikutano yao. Ubeti wa mapenzi uliotoka kinywani mwa Siti huenda ulitoka moyoni mwa mwanamume aliyeketi kando yake. Tena talaka ilitangulia safari ya kuhamia mjini, hivyo kati yake na santuri za 1928 imepita miaka 17 au zaidi.

Kuna pia suala la mafumbo. Katika nyimbo za iritungu, zeze la nyuzi nane la Wakurya wa Tarime na Serengeti, mwimbaji hutaja watu na koo kwa majina, na msikilizaji wa Nyamongo au Mugumu hujua nani anasemwa. Taarabu, muziki aliouimba Siti, huficha. Mpenzi huwa ua, ndege au lulu, na "mimi" wa wimbo ni vazi ambalo kila msikilizaji anaweza kulivaa. Mchambuzi aliyezoea iritungu akiingia katika taarabu akitafuta majina, atayabuni mwenyewe.

Taabu za kazi zinasomeka vizuri zaidi. Jina la Siti lilipovuma, mahasimu wake walitunga ubeti wa kumkejeli: alitoka shamba amevaa kaniki, na lau si sauti yake asingepata cha kula. Kaniki ilikuwa nguo ya watumwa na mafukara, hivyo tusi lililenga asili yake na riziki yake kwa pigo moja. Hapa mchambuzi ana tukio linalojulikana, mlengwa aliyetajwa kwa jina, na jibu.

Jibu hilo lastahili kutazamwa kwa makini. Mistari yake ina mizani 12, sita kwa sita, na vina vyake vinatua kwenye "-li". Hoja yake ni kwamba uzuri wa sura na utukufu wa nasaba si kitu; hasara ya mtu ni kukosa akili. Siti hakanushi shamba wala kaniki. Hajitaji kabisa: pale ambapo angeweza kusema "mimi", amesema "mtu". Kwa kufanya hivyo amelitoa tusi mwilini mwake na kulirudisha kwa waliolitunga, wao wakiwa ndio waliopungukiwa. Uchungu upo, ila unaonekana katika kile alichokataa kukijibu. Huo ni ufundi wa hali ya juu.

Wimbo wa "Kijiti" unaonyesha upande mwingine. Unasimulia kisa cha kweli cha mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Unguja. Mtuhumiwa akatorokea bara, na wanawake waliotoa ushahidi ndio walioadhibiwa, kwa kosa la pombe. Majina na mahakama vinatajwa bila fumbo. Huzuni yake inathibitika, lakini ni huzuni ya wanawake wengine ambayo Siti aliibeba.

Siti alifariki Julai 1950. Anayetaka kujua yaliyompata katika ndoa aanze na wasifu wake ulioandikwa na Shaaban Robert, kisha ndipo asikilize santuri.