Ukungu Si Kuvu: Uhakiki wa Kijitabu Kimoja cha Afya ya Nyumbani

Kijitabu tunachokihakiki hapa kimefasiriwa kutoka Kiingereza, kimepigwa chapa nzuri, nacho hugawiwa bure kwa wazazi wenye watoto wagonjwa wa pumu. Makusudi yake ni mema: kueleza jinsi ya kuisafisha hewa ya ndani ya nyumba na kupunguza vitu viletavyo mafua, kukohoa na kubanwa kifua. Waliokitoa hatuwataji, wala mfasiri wake hatumtaji. Makosa yaliyomo si yake peke yake, na baadhi yake hata sisi tukaao kwenye meza ya istilahi tumewahi kuyapitisha.

Sura ya pili inaitwa “Kuzuia Ukungu Nyumbani”. Mwandishi wa makala haya alikwenda Tanga likizoni, akamsomea mama yake mdogo sura hiyo. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: “Mwanangu, ukungu ni wa Lushoto. Hapa mjini tunaupatia wapi?” Baadaye ikajulikana kuwa kijitabu hicho alikwisha kupewa zamani, na kwamba masika yote alikuwa akiyafunga madirisha tangu magharibi mpaka jua lipande, ukungu usije ukaingia chumbani alalamo mjukuu wake mwenye pumu. Tulipolisogeza kabati la chumba hicho tulikuta nyuma yake madoa meusi yaliyotanda ukutani kiasi cha sinia, na harufu yake haikuhitaji kuelezwa. Alipoulizwa hilo ni nini, alijibu bila kufikiri: “Hiyo kuvu. Na nguo za humo zimeingia kawa.”

Maneno hayo mawili, yote ya Kiswahili, yote mahali pake, hayamo katika kijitabu hata mara moja.

Tumtendee haki mfasiri. Neno hilo hakulizua. Kamusi zetu, tangu ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, hulipa neno ukungu maana ya ule mvuke utandao asubuhi na pia ya kile kiotacho juu ya vitu vilivyochacha au kulowa. Mkate huota ukungu, na wakulima wa nyanya huulizia madukani “dawa ya ukungu” wakafahamika mara moja. Lakini mkate na nyanya huondoa utata kwa kuwapo kwao tu. Neno hilo hilo likiwekwa karibu na maneno hewa, dirisha, baridi na asubuhi, msomaji atauona ukungu wa mlimani, na hatakuwa amekosea. Istilahi haitoshi kuwa sahihi ndani ya kamusi. Yapasa iwe sahihi pia ndani ya sentensi itakamotumika. Katika jambo hili kosa limekwenda mbali kuliko kutoeleweka. Limemfanya mwenye nyumba afunge kile alichotakiwa kukifungua.

Neno kuvu lina hoja nyingine ya kulitetea. Tayari limekwisha kuzaa istilahi inayojulikana vijijini, nayo ni sumukuvu. Mwaka 2016 watu walipofariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula nafaka yenye sumu hiyo, neno lilienea redioni na katika mikutano ya hadhara, na leo mkulima wa mahindi halihitaji kufafanuliwa. Kuvu ya ghalani na kuvu ya ukutani si lazima ziwe za aina moja, lakini ni viumbe wa ukoo mmoja, na zote mbili hustawi penye majimaji. Mwalimu anayelifundisha jambo moja anapata njia ya kulieleza la pili. Wapo waliotushauri kutumia fangasi. Sisi hatuafiki. Zahanatini neno hilo limekwisha kuwa jina la ugonjwa wa mwili, tena ugonjwa ambao watu huutaja kwa kunong’ona, na mama akiambiwa nyumba yake ina fangasi atajiona ametukanwa.

Kosa la pili ni la unyevu. Kijitabu hulitumia neno hili moja kwa mambo mawili: maji yaliyomo ukutani, na mvuke uliomo hewani. Mambo haya yana tiba mbalimbali. Ukuta uliolowa kwa bomba linalovuja au bati lililotoboka hauponywi kwa dirisha. Huponywa na fundi, na kilicholowa kikikaushwa ndani ya saa 24 hadi 48, aghlabu kuvu haipati nafasi ya kuota. Mvuke wa hewani, ule wa jikoni, wa bafuni na wa nguo zilizoanikwa chumbani, ndio uondolewao kwa kupitisha hewa. Tunapendekeza unyevu libakie kwa vitu vilivyolowa, na unyevuanga litumike kwa hewa. Hapo ndipo msomaji atakapofahamu lile agizo la kwamba unyevuanga wa ndani uwe kati ya asilimia 30 na 50. Agizo hilo limetoka Marekani, nalo limenakiliwa vivyo hivyo kana kwamba masika ya pwani yanalitambua.

Kuhusu “uingizaji hewa” tutasema machache. Hewa iingiayo bila kutoka haisaidii kitu. Upitishaji hewa ni neno bora, na sentensi iliyo bora zaidi ni ile isemayo: fungua madirisha ya pande mbili.

Sura ya vumbi inatutia mashaka zaidi. Humo tunaambiwa tujihadhari na “kupe wa vumbi” wakaao magodoroni. Kila mtu aliyefuga ng’ombe anamjua kupe, humwona kwa macho na humng’oa kwa vidole. Msomaji atageuza godoro, asione kupe, aridhike. Mdudu anayesemwa hafiki nusu ya milimita, haumi, hula magamba ya ngozi yatukayo miilini mwetu, na kinachodhuru hasa ni kinyesi chake kinapovutwa pamoja na vumbi. Kiswahili kina utitiri, wale wa kuku, ambao ni wa jamaa hiyo na kwa udogo wanakaribiana. Utitiri wa vumbi, basi. Ila yafaa kuongezwa kwamba huyu hawashi kama yule wa bandani. Papo hapo kijitabu kinaagiza shuka zifuliwe kwa maji “vuguvugu”. Utitiri huu hufa kwa maji yasiyopungua nyuzi 55 za Selsiasi, yaani maji ambayo mkono hauvumilii. Kwa vuguvugu utakuwa umeuogesha tu.

Limebaki neno mzio, nalo lina historia ya kupendeza. Daktari Clemens von Pirquet wa Vienna alipoliunda jina la hali hii mwaka 1906, aliunganisha maneno mawili ya Kiyunani. Sisi hatukuhitaji kuunda. Wazee wetu walikwisha kusema “pweza ni mzio wangu”, wakimaanisha kitu ambacho mtu hukiepuka kwa kuwa kikimwingia kitamdhuru. Angalia kwamba kwa wazee mzio ni kile kitu. Hospitalini leo mzio ni ile hali ya mgonjwa. Kijitabu husema “punguza mzio ndani ya nyumba” ukurasa huu, na “mtoto mwenye mzio” ukurasa wa pili, kisha ghafla kinaleta “vizio” kwa maana ya vile vitu. Hili halikubaliki: kizio cha kaskazini kimo katika kila kitabu cha jiografia. Kwa kuwa hospitali zimekwisha kuishika maana ya hali, tunaona iachwe hivyo, na vitu viitwe viletamzio. Neno ni refu kidogo, lakini halina mwenyewe mwingine.

Moshi wa kuni na mkaa haukutajwa popote. Mfasiri hana lawama, kwani asili yake iliandikwa kwa watu wapikao kwa umeme na gesi. Bali mhariri anayo.

Masahihisho yamekwisha kupelekwa kwa wahusika. Lipo jambo moja ambalo hatujalikata, nalo ni ule unga mweupe utokao kwenye kuta za chini. Mafundi wengi husema “ukuta umetoa chumvi”, nao ni kweli chumvi, kwa kuwa ukitiwa maji huyeyuka, na kuvu haiyeyuki. Wenye nyumba wengi, hata hivyo, huuita kuvu. Wasomaji wa Unguja, Pemba, Lamu na Mombasa wanaojua jina lake mahususi tunawaomba watuandikie kabla ya kikao kijacho.