Maana Mbili za Neno Hesabu

Kiswahili kina neno moja kwa mambo mawili. Mtoto shuleni hufanya hesabu: hujumlisha, huzidisha na kugawanya. Mweka hazina wa chama hutoa hesabu: husimama mbele ya wenziwe akaeleza fedha zilikokwenda, na akikosa la kusema huaibika. Waumini nao huitaja Siku ya Hesabu, wala hawakusudii somo la shule. Katika makala hii nataka kuonyesha kwamba maana hizi mbili hazifai kutenganishwa, na kwamba hatari inayosemwa leo juu ya akili mnemba ni hatari ya kutenganishwa kwake. Hatari hiyo si ngeni. Ilionekana Kongwa kabla ya mashine hizi kuwako.

Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza, iliyokuwa na upungufu wa mafuta ya kula baada ya vita, ilituma wajumbe watatu Afrika Mashariki na ya Kati. Kiongozi wao alikuwa A. J. Wakefield, aliyepata kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika. Safari yao ilichukua wiki tisa, na sehemu kubwa ya nchi waliitazama kutoka katika ndege. Taarifa iliyotokana na safari hiyo ilichapishwa Februari 1947. Ilitaka mashamba 107, kila moja la ekari 30,000, jumla ekari 3,210,000 za karanga, kwa gharama ya pauni milioni 24 hivi.

Mhakiki akiitazama taarifa hiyo kama maandishi, jambo la kwanza aonalo ni ukamilifu wa tarakimu zake. Mashamba yote yana ukubwa mmoja, kana kwamba ardhi imekatwa kwa rula. Lakini ardhi ya Kongwa haikukatwa kwa rula. Udongo wake, mvua zikikoma, hukauka ukawa mgumu kama tofali, na chembe za mawe zilizomo hula vyuma vya majembe. Mvua yenyewe haina ahadi. Wagogo, wenyeji wa nchi hiyo, walilijua jambo hili kwa njaa walizozipata, na ndiyo sababu walitegemea ng'ombe, uwele na mtama. Maarifa hayo hayakuwa na safu katika jedwali, na kisichokuwa na safu hakikuhesabiwa. Katika mwaka wa kwanza zilikusudiwa ekari 150,000. Zilizopatikana zilikuwa 7,500 hivi. Mwaka 1951 mpango mkubwa uliachwa, na pauni zipatazo milioni 36 zikafutwa katika vitabu.

Je, hesabu ilitolewa? Ilitolewa, tena kwa kishindo. John Strachey, Waziri wa Chakula, aliulizwa maswali makali Bungeni London, na magazeti hayakunyamaza. Lakini yafaa tuulize: ilitolewa kwa nani? Ilitolewa kwa walipa kodi wa Uingereza. Mgogo aliyeona pori la malisho yake likifyekwa hakuwa na baraza la kumwita Waziri aje kujieleza. Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Haitoshi kwamba hesabu itolewe. Lazima itolewe kwa yule aliyeguswa nayo.

Mwaka ule ule wa 1951 kilichapishwa Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert. Nchi ya Kusadikika ni ya dhuluma, na Karama ashtakiwa humo kwa kosa la kufundisha sheria. Hata hivyo wanafunzi wetu huenda wakapita bila kuona jambo moja: mshtaki wake, Majivuno, ana jina na uso, husimama barazani akasema mashtaka yake kwa kinywa chake, na Karama hupewa nafasi ya kumjibu. Bila nafasi hiyo kitabu kisingekuwako.

Tulinganishe baraza hilo na mambo ya siku hizi. Tangu mwaka 2014, huduma ya M-Pawa ilipoanza Tanzania, mtu aweza kuomba mkopo kwa simu. Mashine hupima mwenendo wake katika simu, kisha hutoa jibu kwa dakika chache. Mkulima aliyenyimwa husoma kwamba ombi lake limekataliwa. Katika sarufi yetu kitendo cha kutendwa huweza kufuatwa na neno "na": kukataliwa na nani? Ujumbe hauna "na". Hakuna Majivuno wa kujibiwa, wala hajui kosa lake ni lipi: kipato chake, au kwamba simu yake hukaa kimya hadi mavuno.

Neno "akili" nalo huficha watu. Januari 2023 gazeti la Time liliandika kwamba wafanyakazi wa Nairobi, chini ya kampuni ya Sama, walilipwa pungufu ya dola 2 za Marekani kwa saa ili wasome maandishi machafu na kuyatenga, mashine ya OpenAI ijifunze kuyaepuka. Akili hiyo, basi, ina jasho la watu ndani yake. Tukiisifu mashine bila kuwataja, twaandika taarifa nyingine yenye tarakimu kamili na watu waliosahauliwa.

Atakuja mwenye kupinga aseme kwamba karani wa benki naye hupendelea ndugu na kabila, na mashine imewakopesha wengi ambao karani asingewafungulia mlango. Hoja hii ni ya kweli wala haifai kudharauliwa. Lakini karani aweza kuulizwa, akashtakiwa, akafukuzwa. Wala sheria haikunyamaza: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yagusa haki ya mtu juu ya uamuzi uliofanywa na mashine peke yake, na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilizipiga marufuku programu 69 za mikopo zisizokuwa na kibali. Walakini sheria humsaidia mtu ajuaye wa kumwuliza.

Kazi hiyo ya kuuliza ni yetu sisi tunaosoma lugha. Tusikubali kuandika kwamba mashine imeamua. Tuandike nani aliitengeneza, nani aliinunua, nani aliiweka mahali pa karani, na mlango wa nani waweza kubishwa. Kongwa hawakukosa watu wa kujumlisha. Walikosa wa kuwajibu wenyeji, na upungufu huo hauwezi kuzibwa na mashine ijumlishayo kwa haraka zaidi.